Fidla ya Finbari na Moshi wa Ubani

Suud bin Sleyum aliingia Maskati mwishoni mwa mwaka 1964 ana uta wa fidla mkononi, fidla yenyewe hana.

Siku waliyoondoka Unguja hapakuwa na nafasi ya kuchagua. Kila mtu alinyakua kilichokuwa karibu na mkono wake. Suud alinyakua uta, fidla ikabaki inaning'inia msumarini, nyumba ya mtaa wa Malindi. Mamake, Bi Masouda, alinyakua kifuniko cha dele la kahawa, na dele likabaki jikoni. Wakapita Mombasa, wakapita Dubai, wakaja kushukia Matrah, bandari ya jirani na Maskati, mtu na mamake, na vitu viwili ambavyo kila kimoja ni nusu ya kitu. Bi Masouda alipata dele jengine kabla mwezi haujesha, maana Matrah madele yapo tele. Kifuniko hakikuenea, lakini alikilazimisha mpaka kikakubali. Fidla hazikuwepo. Suud alikaa miaka mitatu na uta wake ndani ya kitambaa cha hariri, kila Ijumaa anaufungua, anaufuta vumbi, anaufunga, kama mwanamke anayemshonea nguo mtoto ambaye hajapata mimba yake.

Mimi nnajulikana hapa Sib kwa maneno mengi. Wajukuu wangu wakitaka kujua papa niliyemvua alikuwa mkubwa kiasi gani, humwuliza mtu mwengine. Lakini khabari hii nitaisema ilivyo, kwa sababu mwenye makosa ni mimi, na mtu hajitungii aibu.

Mimi na Suud, wote watu wa Unguja, tulikuwa makarani wa stoo kwenye kambi ya mafuta, nje ya Matrah, tukitoa misumari na kamba na mipira ya magari kwa kila aliyekuja na karatasi. Siku moja mwaka 1967 Suud alipeleka mkanda wa mashine kwenye nyumba ya jenereta. Akakawia. Aliporudi alifungua mtoto wa meza yake, akautoa uta na kitambaa chake, akatoka tena. Nikamfuata, maana mimi na kazi hatukuwa na mapenzi makubwa hivyo.

Ndani ya nyumba ile ya mabati, nyuma ya jenereta, alikaa fundi mmoja mzungu mwenye nyusi nyekundu, kapakata fidla mapajani anaidonoa kwa kidole kama mtu anayepiga udi.

"Kwa nini huipigi kwa uta?" Suud alimwuliza.

Yule mzungu akainua fimbo ya uta iliyokuwa pembeni, haina hata unywele mmoja wa mkia wa farasi. "Joto nakula nywele yote," alisema. "Na wewe nashika uta. Fidla yako wapi?"

"Unguja."

Wakatazamana. Sijaona watu wawili wakatazamana vile, hata penye arusi. Suud akamkabidhi uta.

Jina lake Finbar, sisi tukamwita Finbari kwa kuwa ulimi wetu hauachi neno bila mlango wa kutokea. Alikuwa mtu wa Ayalandi, pwani ya magharibi, na kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka kumi kwenye reli ya Kenya, ndiko alikookota Kiswahili chake. Kila alipojulishwa kwa mtu alitanguliza maneno hayohayo: "Mimi hapana Mwingereza." Sisi hatukumcheka kwa hilo. Wenyeji wakituita Wazanjibari, na Unguja tulikotoka tulikuwa tukiitwa Waarabu wa Manga, kwa hivyo nasi tulikuwa na maelezo yetu ya kutanguliza.

Alasiri ile alitupigia nyimbo za kwao. Zilikuwa nyepesi, mapigo yake sita sita, na mguu wa mtu wa Unguja unayajua mapigo sita bila ya kuambiwa. Halafu akampa Suud fidla na uta. Miaka mitatu. Suud aliiweka kidevuni, akavuta mara moja tu, akaishusha akaiangalia, kisha akaomba ruhusa akatoka nje. Alirudi uso umeoshwa.

Tukawa bendi. Mimi nilikuwa na udi wa kuazima. Wa nne alikuwa Bakhit, dereva wa kambi, mzaliwa wa hapa Sib, ambaye kwenye maarusi ya pwani ya Batina alikuwa akipuliza habbani: ngozi ya mbuzi mzima, unaijaza pumzi, unaibana kwapani, nayo inalia kwa zumari mbili. Finbari alipoiona kwa mara ya kwanza aliizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Kwetu iko hii pia," alisema. "Mbuzi ya nyinyi na mbuzi ya sisi ni ndugu."

"Basi wa kwetu ndiye mkubwa," alisema Bakhit. "Mwambie anisalimie kwanza."

Maskati ya siku hizo mambo mengi yalikuwa na kesi. Kutembea bila taa baada ya mizinga ya Isha, kesi. Miwani ya jua, kesi. Ngoma barabarani, usiseme. Ndiyo maana tulipigia mlemle nyuma ya jenereta, kila Alkhamisi baada ya Laasiri, na mvumo wake ukatusitiri. Na jenereta lile, walahi, lilikuwa likivuma sauti ileile ya habbani ya Bakhit. Tulifunga nyuzi zetu kwa sauti hiyo. Ikifika saa ambayo wazungu wote wa kambi wanawasha mashine zao za baridi kwa pamoja, jenereta linalemewa, sauti inashuka kidogo, na sisi tunashuka nayo, wote wanne, bila ya kukatika. Wanamuziki wa Misri hawawezi jambo hilo.

Katika nyimbo zote za Finbari, moja ilikuwa imetungwa na babake. Haina jina. Ilikuwa na sehemu tatu, na yeye akitufundisha mbili tu. Ya kwanza ilikwenda kama mtu anayeteremka ngazi. Ya pili ilikwenda kama mtu yuleyule aliyesahau kitu juu akarudi kupanda. Suud alizishika zote mbili kwa siku moja, na akazipamba kwa mikunjo ya tarabu mpaka Finbari akawa anatikisa kichwa, anacheka peke yake.

"Na ya tatu?" Suud alimwuliza.

"Ya tatu baba yangu napiga mara moja tu," alisema Finbari. "Stesheni ya treni, siku mimi naondoka nyumbani. Hii ni ya kuondoka. Mimi hapana piga kila siku."

Baada ya Ramadhani ya mwisho wa 1967 akaja na khabari. Alikuwa anatumwa jangwani, kwenye visima, siku arubaini. Akirudi, mkataba wake umekwisha, anapanda ndege kwenda kwao moja kwa moja.

"Sikia, Suudi," alisema. "Jangwani mimi hapana peleka fidla, mchanga nakula. Wewe chunga kama mtoto yako. Nikirudi, siku ya kuondoka, mimi napiga ya tatu mara moja. Wewe nashika kwa masikio. Halafu fidla nabaki kwako."

Suud akautazama uta wake.

"Mimi hapana mtoto," Finbari aliongeza. "Na kwetu fidla ni nyingi kama mbuzi. Hapa iko moja."

Njiani kurudi Matrah Suud alikwenda mbele yangu mpaka sokoni. Halafu akanambia, "Thani, mara moja tu. Nikiikosa?"

"Tutagawana," nilimwambia. Na hii ndiyo kazi tuliyoijua. Unguja, katika klabu, hatukuwa na mtu wa kutuandikia nota. Ukija wimbo mgeni katika sahani ya santuri ya mwenye tabia mbaya ambaye haipigi mara mbili, watu hugawana: wewe shika mwanzo, wewe kati, wewe mwisho, kisha mnakwenda kibarazani mnaushona. Tukakubaliana. Bakhit ashike mwanzo, kwa kuwa ana haraka ya kusahau na mwanzo ndio mwepesi. Mimi nishike kati. Suud ashike mwisho, kwa kuwa mwisho ndio mgumu.

Siku arubaini Suud aliilea fidla ile. Aliilaza kitandani mwake, yeye akalala chini. Bi Masouda, ambaye mwanzo alisema nyumba yake si klabu, ikafika siku akawa anaifunika shuka mchana ili nzi wasitue juu yake.

Siku ya thalathini na tisa nilikwenda kwao kunywa kahawa. Finbari alikuwa anafika kesho yake. Fidla ilikuwa juu ya mkeka, imefutwa inang'ara, na Suud anaiangalia kama mtu anayeangalia ndege asiruke.

Sasa sikilizeni aibu yangu.

"Mnamrudishia mtu chombo chake hivi hivi?" nilisema.

"Chombo gani?" aliuliza Suud.

"Hicho. Mmekaa nacho siku arubaini. Sahani ya jirani ikikaa siku moja hairudi tupu."

Nilikuwa nnafanya mzaha. Lakini Bi Masouda aliweka kikombe chini, na nikaona lile neno limemwingia. Mwanamke yule tangu kuzaliwa kwake hakupata kurudisha sahani ya mtu tupu. Hata kule Dubai, tulipokaa wote kambi ya wageni na hana kitu, aliwahi kurudisha bakuli la watu lina ndimu moja.

"Nitie nini ndani, mama?" alisema Suud. "Vitumbua?"

"Matundu yake membamba," nilisema. "Labda tambi."

"Nyamazeni," alisema Bi Masouda. "Thani kasema kweli. Yule bwana atasema watu wa kwetu hawajui adabu."

"Basi ifukizeni," nilisema. "Mgeni akiondoka hufukizwa. Na nguo ya kuazima hufukizwa. Hii ni mgeni na ni ya kuazima."

Suud akasita. "Mama, ile ni mbao."

"Na mimi ni mifupa. Nnafukizwa kila Ijumaa na sijapata kupasuka."

Ikawa khalas. Bi Masouda alitia makaa kwenye chetezo, akatia ubani wa Dhofari ule mweupe, akatia na vipande viwili vya udi wa kufukizia alivyoviweka kwa ajili ya arusi ya Suud, ambayo nayo ilikuwa haijulikani itakuja lini. Akasimamisha kile kitara cha vijiti ambacho huanikiwa nguo juu ya moshi, akailaza fidla juu yake chali, akainyunyizia marashi ya mawaridi, si kidogo, halafu akafunika kila kitu kwa blanketi la sufi ili moshi usipotee. Tukafunga na mlango. Tukakaa uani, na harufu ikaja mpaka kwetu, na nikasema, Mungu anisamehe, "Hii sasa imekuwa fidla ya Kiislamu."

Hatukumaliza kikombe cha pili. Ndani kukalia kitu kimoja, kama mtu aliyevunja kidole, halafu nyuzi zote nne zikapiga kelele kwa pamoja, halafu kimya.

Suud hakukimbia. Aliondoka polepole, akafungua mlango, akafunua blanketi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Fidla, sisi watu wa kuipiga tulikuwa hatujui, haina msumari hata mmoja. Imeshikana kwa gundi ya ngozi iliyochemshwa, na gundi ile ikipata moto na unyevu hurudi kuwa mchuzi. Uso wake ulikuwa umefunguka wote kama kombe. Shingo imeinama mbele imevutwa na nyuzi. Ubavu mmoja umejitenga. Na moshi ukawa unatoka katikati yake taratibu, unanukia vizuri sana.

Bi Masouda alisimama mlangoni mkono mdomoni. "Mwanangu," alisema.

"Si kitu, mama," alisema Suud, na sauti yake ilikuwa ya adabu kama anayezungumza na mgeni. "Si kitu."

Alikaa chini, akaanza kuviokota vipande akiviweka kwenye foronya ya mto.

Tulikuwa na saa zilizobaki za siku ile na asubuhi moja. Tulikwenda kwa Mahfoudh, fundi wa milango, hodari wa Matrah nzima. Alivipanga vipande kwenye benchi lake akavizunguka.

"Naweza," alisema. "Misumari kumi na minane. Midogo."

"Kumi na minane," alirudia Suud.

"Na bawaba upande huu, ili siku nyengine mkitaka kufungua msihangaike."

Suud akavirudisha kwenye foronya. Bakhit alitoa rai ya lami anayozibia habbani yake ikipasuka. Tuliijaribu kwenye kijipande kimoja cha ubavu, kikashika vizuri kwenye kidole cha Bakhit na kwengine kokote hakikushika. Gundi yenyewe ya kweli ilikuwa ya kuagizwa nje, na kitu cha kuagizwa nje kilitaka kibali, na kibali kilitaka barua, na barua ilikwenda kwenye afisi moja ambayo sitoitaja, nayo ikaipeleka mbali. Niliiandika mwenyewe siku ileile, kwa khati yangu nzuri, Kiarabu cha heshima tupu. Jibu lilikuja baada ya miezi kumi na moja. Ilikubaliwa tuingize chupa moja ya gundi, kwa sharti isitumike kwa ala yoyote ya muziki.

Fundi wa fidla tuliyemjua alikuwa mmoja, Vikokotoni kule Unguja, na Vikokotoni ilikuwa haindeki.

Kwa hivyo Finbari aliporudi mchana wa pili tulimkuta chumbani kwake kambini anafunga sanduku, uso umeungua kwa jua, nyusi zimekuwa nyeupe. Ndege ilikuwa kesho asubuhi. Tulikwenda wote, na Bi Masouda akakataa kubaki nyumbani. Alikuja na baibui lake na sahani ya halua, kwa kuwa hata siku ile hakuweza kuja mikono mitupu. Suud alikuwa ameshika foronya kwa mikono miwili. Uta ameutia kwapani.

"Suudi," Finbari alisema, anacheka. "Wapi mtoto yetu?"

Suud aliiweka foronya kitandani, akaifungua.

Nimeshazua maneno mbele ya makadhi, mbele ya wakwe, mbele ya askari wa mlango mkubwa wa Maskati. Siku ile nilitafuta neno moja la kusema, hata la uwongo, na sikulipata. Nilitazama viatu vyangu.

Bi Masouda ndiye aliyesema. "Mimi, bwana. Nilikuwa nnaifukiza ubani, kwa adabu. Mwanangu hana kosa."

Finbari alipiga magoti kando ya kitanda. Hakugusa kwanza. Halafu akauchukua ule uso wa fidla, akaugeuza, akaupeleka puani. 

"Hii nanukia kama kanisa," alisema. "Siku ya kuzika baba yangu kanisa nanukia hivi."

 Bakhit akatoka nje kuangalia gari lake, ambalo halikuwa na tatizo.

"Umekasirika?" Suud aliuliza.

"Mimi hapana jua," alisema Finbari, na nafikiri alisema kweli. Akavirudisha vipande kimoja kimoja ndani ya foronya, kwa mpango, akaifunga fundo, akamwekea Suud mikononi. "Mimi nasema fidla nabaki kwako. Nabaki kwako."

"Na ya tatu?"

Finbari akatazama mikono yake. Fidla hakuna. Akamtazama Bi Masouda, akachukua kipande cha halua, akala chote. "Kesho," alisema. "Uwanja ya ndege. Kwetu mtu ya maskini bila fidla napiga kwa mdomo. Mimi taimba kwa mdomo. Mara moja. Nyinyi fungua masikio."

Uwanja wa ndege ulikuwa kule Ruwi, chini ya ngome, mchanga mtupu umezungukwa na majabali. Tulifika mapema. Tulijipanga kama tulivyopatana: Bakhit upande wa kulia, mimi kati, Suud kushoto. Kile kijidege cha injini mbili kilikuwa kimeshasimama, na mzungu wa karatasi anaita majina. Finbari alikuwa amekusudia aimbe kabla, lakini karatasi zake zilikuwa na kasoro, na kasoro ikamaliza wakati wote. Alipoachiliwa, abiria wameshapanda, na rubani anatazama saa.

Alikuja kwetu mbio, akasimama mbele yetu, akafumba macho. Akaanza. Hayakuwa maneno, ni silabi tu, di na dan na dero, ulimi unachezea meno, na mguu wake ukipiga mchanga sita sita. Nnakwambia, lilikuwa jambo la kuchekesha kuliona, mtu mzima mwenye tai anafanya vile, na hakuna aliyecheka. Mwanzo ulikwenda kwa Bakhit, safi kabisa, nikamwona anatikisa kichwa anautia ndani.

Halafu injini ya kwanza ikawaka.

Nilisogea. Nilimkaribia mpaka nikaona meno yake ya nyuma ya dhahabu. Injini ya pili ikawaka. Midomo inakwenda, koo linakwenda, jasho linamtoka, na mimi sisikii isipokuwa chuma na upepo. Yeye macho kafumba, hajui, au anajua na hawezi kusimama, kwa kuwa wimbo ule haukatwi. Nilimshika bega. Hakufungua macho. Kati, sehemu yangu, ikapita mbele ya uso wangu yote na sikuipata hata tone.

Mwisho rubani akapunguza injini kidogo, sijui kwa nini, na Suud akapata alichopangiwa kupata, sauti tano sita za mwisho, zinashuka, zinakaa. Finbari akafungua macho. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha Suud, kisha akakimbia. Mlango ukafungwa.

Tulirudi kwa gari la Bakhit. Tukafika njia ya kuingilia Matrah.

"Mwanzo ninao," alisema Bakhit, akaupiga mluzi.

"Mwisho ninao," alisema Suud.

Wakanigeukia. Na mimi, Mungu ananijua, nikafungua mdomo nikaimba. Nilikuwa nimeitunga baina ya ngome na mlima, na haikuwa mbaya. Ilikuwa na mteremko mzuri na inaungana na mwisho bila ya mshono kuonekana. Bakhit alisema mashallah.

Suud alinitazama kwa muda.

"Thani," alisema, "hiyo ni yako."

"Ndiyo niliyoisikia."

"Ni nzuri. Lakini ni yako."

Hakuisema kwa ukali. Ningependa angekuwa mkali. Tuliandika barua kwa Finbari kwa anwani aliyotuachia, mara tatu, kumwomba amwimbie ile kati mtu yeyote anayejua kuandika nota. Barua mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilirudi na mhuri na neno moja la Kizungu, na karani wa posta akatwambia maana yake ni kuwa mwenyewe hayupo tena hapo, na hawezi kujua hayupo kwa namna gani.

Mwaka 1970, kiangazi, akaja sultani mpya na mambo yakafunguka. Milango ya mji ikaachwa wazi, watu wakavaa miwani ya jua hata usiku, kwa pupa tu. Mhindi mmoja mtengenezaji wa vinanda vya mikono alifungua duka Matrah, na katika vitu vyake alikuwa na gundi. Suud alimpelekea foronya. Fidla ilirudi baada ya wiki mbili, nzima, na ukiisogeza puani bado inanukia ubani wa Bi Masouda.

Mwezi wa Novemba Bakhit alimwoza binti yake hapa Sib. Baada ya Laasiri, uwanjani, waziwazi, kweupe, bila ya jenereta la kutuficha. Watu walijaa mpaka juu ya makuta. Bakhit akajaza habbani yake, mimi nikafunga udi wangu, na Suud akaweka fidla kidevuni. Tukaanza ule wimbo usio na jina. Sehemu ya kwanza, watu wakapiga makofi. Ya pili, wanawake wakapiga vigelegele. Na Suud akanigeukia, na nikaona anakusudia kuingia ya tatu.

Akauingia mwanzo wake. Ulipokwisha nikamtolea ishara ya kichwa: yangu ipo, ichukue, nani atakayejua. Mamake alikuwa nyuma ya pazia la wanawake, na mimi nilitamani kwa ajili yake wimbo upite mzima.

Suud akainua uta. Akaushikilia hewani, na mguu wake ukaendelea kupiga mchanga, sita, na sita, na sita, kwa muda uleule hasa ambao midomo ya Finbari ilikwenda mbele yangu. Bakhit akafahamu, akazuia habbani. Uwanja mzima ukanyamaza, watu wanasikia mguu tu. Mimi mikono yangu ilikuwa juu ya nyuzi na sikuwa na la kufanya. Halafu uta ukashuka, na zikaja zile sauti tano sita za mwisho, zikakaa.

Watu walipenda sana. Walidhani ndivyo ulivyotungwa.